Lili za Pasaka Nairobi: ununue aina gani, siku gani, na zifikeje Jumatatu zikiwa hai

Lili inayopendeza kuliko zote kibandani siku ya Jumatano ndiyo usiyopaswa kuinunulia Pasaka. Ile iliyokwisha kuchanua, petali zimejikunja nyuma na harufu inakufuata hadi mlangoni, imebakiza siku tatu au nne tu. Jumapili ikifika, kingo za petali zitakuwa zimelegea na kuanza kuonyesha maji kama karatasi iliyolowa. Unayoitaka haivutii macho: shina la kijani lenye matumba yaliyofumba, na moja au mawili ya chini yamevimba na kuanza kupata rangi. Hapa tunapima lili zinazouzwa Nairobi kwa kipimo hicho kimoja tu: zitakuwa katika hali gani usiku wa Mkesha, mchana wa Jumapili, na Jumatatu ya Pasaka wageni wakiwa bado sebuleni.

Kwanza tuelewane kuhusu jina. Biblia ya Kiswahili ina nyinyoro ya mabondeni, kamusi zina yungiyungi ambalo wengi hulijua kama ua la majini, lakini sokoni watu husema lili. Tatizo ni kwamba ukisema lili unaweza kupewa maua mawili yasiyo na undugu. La kwanza ni lili yenyewe, jamii ya Lilium: shina moja refu, majani membamba kutoka chini hadi juu, matumba matatu hadi sita kileleni, na kila ua lina petali sita. La pili ni arum, ua jeupe moja lililojikunja kama faneli na kijiti cha njano katikati, asili yake kusini mwa Afrika. Arum ni ua zuri na kwa kawaida bei yake ni nafuu, lakini halina tumba jingine la kufunguka baadaye. Unalinunua likiwa vile litakavyokuwa. Shina lake ni laini kama sponji na huoza haraka likizama, kwa hiyo liweke kwenye maji ya sentimita tano tu, na ukiona mwisho wa shina unapasuka na kujikunja, ufunge kwa seloteipu. Sasa tuliache.

Lili zenyewe ziko za aina nne ambazo mnunuzi anapaswa kuzitofautisha, kwa sababu kila moja ina saa yake.

Longiflorum ndiyo lili ya Pasaka ya asili, nyeupe tupu, yenye umbo la tarumbeta. Mmea huu chimbuko lake ni visiwa vya Ryukyu kusini mwa Japani. Tumba lake ni refu, na linatoka kijani, linakuwa jeupe lenye mstari wa kijani, kisha jeupe kabisa. Likiwa na ule mstari wa kijani umebakiza siku mbili hivi lifunguke. Harufu yake ni tamu lakini haichoshi. Kwa altare hatuoni ya kuishinda: weupe wake unaonekana hata kutoka benchi la mwisho. Udhaifu wake ni petali. Ni laini, na kidole kikizigusa huacha alama ya kahawia baada ya saa chache. Nyota nne na nusu kati ya tano.

LA ni mchanganyiko wa Longiflorum na zile za Asia. Maua yake hutazama juu, shina ni imara, rangi ni nyingi: nyeupe, njano, machungwa, nyekundu, waridi. Karibu hazina harufu. Hizi ndizo tunazopendekeza kwa meza ya chakula, kwa sababu pilau inapaswa kunukia pilau. Zinafunguka haraka, siku mbili au tatu tangu tumba lipate rangi, na hazisumbui. Nyota nne. Hazifiki tano kwa kuwa matumba yake hudhurika upesi na gesi ya ethilini, jambo tutakalolirudia.

Oriental ndizo kubwa, zenye harufu kali, kama Siberia nyeupe, Sorbonne ya waridi na Stargazer ambayo wengi huijua kwa madoa yake mekundu. Ua moja lililofunguka linaweza kuwa pana kama sahani. Kwa ukumbi mpana au lango la kanisa, hakuna kinacholingana nazo. Kwa sebule ndogo yenye madirisha yaliyofungwa kwa sababu ya mvua, mashina matano yanatosha kumpa mgeni maumivu ya kichwa, weka mawili. Zinachelewa: siku tatu hadi tano tangu tumba lipate rangi. Mtu anayezinunua Jumamosi zikiwa zimefumba atakula Pasaka na matumba. Nyota tano kwa anayejua kuhesabu siku, tatu kwa asiyejua.

OT ni mchanganyiko wa Oriental na lili za tarumbeta. Shina ni nene, petali ni nzito kama zimepakwa nta, na joto haliziumizi sana. Kwa anayesafirisha maua kwenda Mombasa au Kisumu, hizi ndizo za kubeba. Ukiziona, zichukue.

Kuhusu mahali pa kununua, soko la City Market, katika Mtaa wa Muindi Mbingu, bado ndilo tunaloliweka mbele, kwa sababu moja tu: unaweza kuchagua shina moja moja. Kwa ua ambalo thamani yake yote iko katika hatua ya tumba, nafasi hiyo ina uzito kuliko punguzo lolote. Nenda asubuhi. Muuzaji akikuletea fungu lililofungwa, mwombe kwa heshima alifungue: “Mama, naomba nichague mwenyewe, nataka zilizofumba za Jumapili.” Anayejua kazi yake ataelewa mara moja, na mara nyingi atakutolea ndoo iliyo nyuma, maana zilizochanua ndizo huwekwa mbele kuvuta macho. Muulize pia zimefika lini na kama zimelala kwenye friji. Lili iliyokaa baridini muda mrefu huonekana mbichi ikitoka, kisha majani yanageuka njano kwa ghafla ikikaa siku mbili kwenye joto la nyumba.

Supamaketi ina urahisi wa maegesho na bei iliyoandikwa, lakini mafungu yamefunikwa kwa plastiki, na mara nyingi meza ya maua huwa karibu na matunda. Hilo la matunda si dogo. Ndizi, embe, parachichi na pasheni zinapoiva hutoa ethilini, na gesi hiyo huyafanya matumba ya lili, hasa LA, yakauke na kudondoka kabla ya kufunguka. Wauzaji wa kando ya barabara wana shida hiyohiyo kwa njia nyingine: moshi wa magari nao una ethilini, na jua la saa sita linamaliza kilichobaki. Kwao nunua arum, au lili zilizofika asubuhi hiyohiyo.

Ukiagiza mtandaoni, andika kwenye oda, usiseme kwa simu peke yake: “Matumba yaliyofumba, moja au mawili ya chini yawe yamepata rangi, lolote lisiwe limefunguka.” Usipoandika hivyo utaletewa shada lililochanua kwa ajili ya picha. Kama ni bodaboda anayeleta, omba yafungwe karatasi ngumu kuzunguka vichwa, kwa kuwa upepo wa barabarani hukausha petali na tumba huvunjika shingoni, pale linaposhikana na shina.

Sasa uko mbele ya ndoo. Anza chini, si juu. Inua shina utazame mwisho wake: uwe mweupe au wa kijani, usiwe na utelezi wa kahawia. Nusa maji ya ndoo. Maji yanayonuka yana bakteria, na bakteria ndio huziba mishipa ya shina, kwa hiyo hata lili mpya ikikaa humo siku moja imeshapunguziwa maisha. Panda kwenye majani: ya chini kabisa yakiwa na unjano, hiyo imezeeka au imetoka baridini, iache. Fika kwenye matumba na uyabonyeze kidogo kwa vidole viwili. La chini liwe limevimba, limejaa hewa, linarudi likiachiwa. Gumu kama kijiti cha kijani halitafunguka kabla ya sikukuu, na pengine halitafunguka kabisa. Gonga shina taratibu. Tumba likidondoka, hilo shina limevuta ethilini. Mwisho tafuta madoa madogo ya kijivu au kahawia kwenye rangi ya tumba. Huo ni ukungu, na wakati wa Pasaka una nguvu kwa sababu mvua za masika huwa zimeanza na unyevu umejifungia ndani ya plastiki.

Bei hubadilika kila siku katika Juma Kuu, kwa hiyo usilinganishe bei ya shina kwa shina. Gawa bei kwa idadi ya matumba yatakayofunguka. Shina la matumba matano, lile dogo la juu kabisa ulitoe kwenye hesabu, maana mara nyingi halifunguki. Una maua manne. Shina la bei ya chini lenye matumba mawili linaweza kuwa ghali zaidi kwa ua. Fungu la jumla kwa kawaida ni mashina 10, ila hesabu mwenyewe.

Siku ya kununua ndiyo inayoamua mengi. Katika makanisa ya Katoliki altare haipambwi kwa maua wakati wa Kwaresima, isipokuwa Dominika ya nne na sherehe chache, kwa hiyo mahitaji ya wiki nyingi hulipuka kwa siku tatu. Anayesubiri Jumamosi Kuu huchagua katika mabaki. Kwa nyumba ya Nairobi yenye nyuzi 20 hadi 22, Oriental na OT nunua Jumanne jioni au Jumatano asubuhi, zikiwa na tumba moja lenye rangi. Longiflorum na LA nunua Alhamisi. Kama zinahitajika kwenye Mkesha wa Jumamosi usiku badala ya meza ya Jumapili, tanguliza siku moja. Kwa Mombasa au Malindi, mambo huenda mbio zaidi: chelewesha ununuzi kwa siku moja, na utegemee kila ua liishi siku tatu au nne, si tano hadi saba kama la bara.

Zikifika nyumbani, usizipange kwanza. Osha chombo kwa sabuni na maji moto kama unavyoosha sahani ya kulia, kwa sababu utando wa maua ya zamani ndio mbegu ya bakteria wapya. Ondoa majani yote yatakayokuwa chini ya maji, hata moja lisibaki. Kata shina sentimita mbili hadi tatu kwa mshazari, kwa kisu kikali, si makasi ya jikoni yanayoponda mishipa. Kisha ziingie majini papo hapo. Ukikata na kuziacha mezani dakika kumi, hewa huingia kwenye mishipa na kazi ya kukata imepotea. Maji yawe ya kawaida, si ya baridi ya friji, kina cha sentimita 10 hadi 15. Ziache saa tatu au nne mahali penye kivuli ndipo uzipange.

Tia chakula cha maua. Vile vipakiti kama vya Chrysal au Floralife vina mambo matatu: sukari ya kufungua matumba, asidi ya kusaidia maji yapande, na dawa ya kuzuia bakteria. Kipimo kimeandikwa mgongoni, na kipakiti cha gramu 10 kwa kawaida ni cha lita moja. Wengi hukitia chote kwenye chombo cha nusu lita wakidhani wanazidisha nguvu. Matokeo yake ni majani yaliyoungua kingo. Huna kipakiti? Lita moja ya maji, kijiko kimoja cha chai cha sukari, na robo kijiko cha chai cha dawa ya klorini ya kufulia isiyo na manukato wala rangi. Sukari peke yake usitie, unawalisha bakteria. Na usichanganye klorini na ndimu au siki, hewa itokayo ni sumu. Vidonge vya maumivu na sarafu za shaba ambazo watu hupendekezana havifanyi kazi ya kulinganishwa na chombo safi.

Kila siku ya pili mwaga maji yote, suuza chombo, kata tena sentimita moja. Kuongeza maji juu ya yaliyochafuka si kubadilisha. Kama unatumia maji ya kisima yenye chumvi, kama yalivyo mengi ya pwani, tumia ya mvua au ya kunywa kwa maua haya; chumvi huzuia shina kunywa. Chombo kisikae kwenye dirisha lenye jua, juu ya televisheni, karibu na jiko, wala kando ya bakuli la matunda. Hili la mwisho ndilo huvunjwa zaidi siku za sikukuu, kwa kuwa meza ni moja na kila kizuri kinawekwa hapo.

Ijumaa Kuu jioni ndiyo siku ya kukagua. Matumba bado magumu? Kata shina upya, tia maji ya vuguvugu, yasiyouma mkono, weka kwenye chumba chenye mwanga na joto, na ufunike kichwa kwa mfuko mkubwa wa plastiki usiogusa matumba, uache wazi chini. Unyevu na joto vitaharakisha kwa karibu siku nzima. Usilifungue tumba kwa vidole. Petali hupasuka kwenye mshono na alama haiondoki. Yamekimbia mno? Yapeleke chumba cha baridi zaidi usiku, sakafuni ambako joto ni dogo. Friji ya nyumbani inafaa kwa usiku mmoja au miwili ikiwa hakuna matunda ndani na petali hazigusi ukuta wa nyuma unaoganda.

Ua likianza tu kupasuka, toa vile vifuko sita vya chavua vilivyo katikati, kabla havijageuka unga. Wakati huo bado ni vigumu na vinyevunyevu, vinatoka kwa kuvutwa na karatasi laini. Kile kijiti kirefu cha katikati kisichokuwa na unga kiache. Chavua ya lili ni ya rangi ya machungwa iliyoiva na ina mafuta ndani yake, na kwenye kitambaa cha altare, kanzu au gauni jeupe huleta huzuni. Ikishaanguka usifute kwa mkono wala maji, utaisukuma ndani ya nyuzi. Kung’uta taratibu, kisha gusisha seloteipu na uinue, tena na tena kwa kipande kipya. Kitakachobaki kianike juani saa kadhaa. Jua huipausha sana chavua. Ndipo ufue.

Mwenye paka asiingize lili nyumbani. Tunasema hivi bila kulegeza. Kila sehemu ya Lilium, jani, petali, chavua, hata maji ya chombo, huharibu figo za paka, na kiasi kidogo anachojilamba kwenye manyoya kinatosha kumuua. Akitapika au akiwa na chavua mwilini, mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usingoje kesho. Arum haina sumu hiyo ya figo, lakini utomvu wake huwasha mdomo vikali, kwa mnyama na kwa mtoto.

Kwa wapambaji wa kanisa wanaotumia sponji ya kijani: iache izame yenyewe ndani ya ndoo ya maji yenye chakula cha maua, usiisukume kwa mkono. Ukiisukuma, katikati hubaki pakavu na shina linaloishia hapo hufa Jumapili asubuhi huku jirani zake wakiwa wazima. Shina liingie sentimita tano, na ukishalichomeka usilivute kidogo kulirekebisha, maana utaacha pengo la hewa chini yake. Litoe lote ulichomeke upya. Stendi moja ya kando ya altare inapendeza kwa mashina 10 hadi 12, yenye matumba ya hatua tofauti ili yapokezane. Jumapili baada ya misa ya kwanza mimina maji juu ya sponji polepole, nusu lita au zaidi, na Jumatatu asubuhi tena. Ua lililokufa likate kwenye shingo yake, si kwa kulivuta, na tumba linalofuata kwenye shina hilohilo litachukua nafasi yake katikati ya wiki.